Pikapu Moja, Magitaa Mawili: Uchambuzi wa Gitaa la Frankenstein la Eddie Van Halen

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, huko Pasadena, California, mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen aliichomoa pikapu, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme, kutoka kwenye gitaa lake la Gibson ES-335. Akachukua mwili wa gitaa jingine wenye umbo la Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, akauchimba kwa patasi karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini, mpaka pikapu ile ikaenea, kisha akaikaza kwa skrubu moja kwa moja kwenye mbao. Mwili huo aliununua kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Alikuwa akitafuta vitu viwili ambavyo wakati ule ilikuwa shida kuvipata ndani ya gitaa moja: unene wa sauti ya Gibson na mkono wa tremolo wa Fender, ule unaosogeza daraja ili noti ishuke na kupanda. Gitaa lililopatikana ndilo lililokuja kuitwa Frankenstein, na linasikika katika albamu ya kwanza ya bendi yake, Van Halen, iliyotoka Februari 1978.

Kwa anayetaka kuelewa kwa nini pikapu ile ile hubadilika sauti ikihamia gitaa jingine, sijui kisa kinachofaa kuliko hiki. Mabishano ya aina hii kwa kawaida huzimwa mapema na mtu mmoja anayesema kwamba sauti iko kwenye vidole, na wote wanakubali kwa kichwa ili wasionekane wabishi. Hapa hoja hiyo haina kazi. Vidole vilikuwa vile vile, na pikapu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni gitaa. Tunachotakiwa kujua ni kwamba pikapu ilipohama, ilihama na nini, na nini kilibaki kwenye ile ES-335 iliyoachwa na tundu.

Tuanze na mzigo wenyewe. Pikapu hiyo ilikuwa ya aina inayoitwa PAF, iliyobuniwa na Seth Lover, fundi mhandisi wa Gibson, mwaka 1955. Ilianza kufungwa kwenye Les Paul, gitaa jingine la Gibson, mwaka 1957, na kwenye ES-335 gitaa hilo lilipotoka mwaka 1958. Herufi hizo tatu zinatokana na kibandiko kilichowekwa chini yake kusema kwamba ombi la hataza limewasilishwa. Hataza ilitolewa mwaka 1959. Kazi aliyokuwa nayo Lover haikuwa ya kutafuta sauti tamu. Ilikuwa ya kuua kelele. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, uwanja wa sumaku unatikisika na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Ubaya ni kwamba waya huo huo unanasa pia mvumo wa umeme wa ukutani, hezi 60 kwa Marekani, 50 kwetu. Lover akaweka koili mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na mizunguko 5,000 hivi, sumaku ya moja ikielekea kinyume cha nyenzake na waya nao vivyo hivyo. Mvumo ukiziingia zote mbili unajifuta. Ishara ya uzi imegeuzwa mara mbili, kwa hiyo inajumlishwa. Wapiga gitaa huiita hambaka.

Ukienda kununua pikapu, swali la kwanza huwa ni ukinzani wake, yaani jinsi waya wake unavyouzuia umeme. PAF nyingi zina kati ya kiloomu 7 na 9, na wauzaji huitaja namba hiyo kana kwamba ni nguvu za farasi. Inaeleza urefu na unene wa waya, basi. Namba inayosema mengi zaidi, na ambayo karibu hakuna anayeiuliza, ni indaktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo: kwa PAF ni henri 4 hadi 5 hivi, wakati pikapu ya kawaida ya Stratocaster ina 2 na kitu. Koili yenye indaktansi hiyo ikiunganishwa na kebo, hutengeneza kilele mahali fulani kwenye masafa, yaani kwenye kasi za mitetemo ya sauti. Chini ya kilele sauti inapita ilivyo, penye kilele inainuliwa, na juu ya hapo inaporomoka. Kebo ya gitaa huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Chukua koili ya henri 4.5 na kebo ya mita 5, ongeza pikofaradi 100 za koili yenyewe, na kilele kinaangukia karibu hezi 3,000. Weka pikapu ya Stratocaster kwenye kebo ile ile, kinapanda hadi 4,300 hivi. Hapo ndipo ulipo ule unene ambao Eddie aliufuata. Si besi iliyoongezwa. Ni dari iliyoshushwa, na ishara nzito zaidi chini ya dari hiyo.

Dari hiyo ilihama. Ilihama pia nguvu ya ishara, ukimya wa mvumo, na umbali kati ya koili mbili, ambao ni milimita 18 hivi. Umbali huo una athari yake: kuna wimbi la uzi lenye urefu ambao koili moja inaliona likipanda wakati nyingine inaliona likishuka, na wimbi hilo linafutika. Kwenye uzi mnene wa E jambo hilo hutokea karibu hezi 2,900, kwenye ES-335 na kwenye gitaa jipya karibu sawa. Ukiulizwa kwa nini Frankenstein halikuwahi kulia kama Stratocaster ingawa lina umbo lake, majibu mengi yamo katika aya hii na iliyotangulia. Baada ya hapo, orodha ya vilivyohama inaisha. Yaliyobaki yote ni ya gitaa.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni jambo lisiloonekana hata ukiligeuza gitaa: nyaya. Kwenye ES-335, pikapu ile ilikuwa na potensiometa mbili, vile vikinzani vinavyozungushwa kwa kitufe, ya sauti na ya toni, kila moja kiloomu 500, na kapasita ya mikrofaradi 0.022. Eddie aliiunganisha na potensiometa moja tu ya sauti. Toni akaiacha nje kabisa. Wengi wanadhani kitufe cha toni kikizungushwa hadi mwisho ni kama hakipo. Kipo, na kinakula. Kwa masafa ya juu kapasita ni njia iliyo wazi, kwa hiyo koili inaona kiloomu 500 mbili sambamba, na megaomu 1 ya mlango wa amplifaya juu yake: jumla kiloomu 200. Ondoa toni, tuseme potensiometa iliyobaki ni ya 500 kama ilivyo desturi ya hambaka, na jumla inapanda hadi 333. Mzigo ukiwa mwepesi, kilele kinanyanyuka. Kwa hesabu ya karatasi ni kama desibeli 3, pungufu kidogo ukihesabu hasara zinazotokea kwenye metali iliyomo ndani ya pikapu. Desibeli 3 kwenye eneo la hezi 3,000 zinasikika bila kutega sikio. Ndipo sikio la binadamu lilipo jepesi zaidi, na ndipo mkwaruzo wa kipigio kwenye uzi unapokaa.

Ukifanya kinyume chake, tofauti ni kubwa zaidi. Stratocaster la kawaida lina potensiometa za kiloomu 250. Mtu akiingiza hambaka humo, mahali palipounganishwa na toni, na kuziacha zilivyo, mzigo ni kama kiloomu 111, na kile kilele cha hezi 3,000 kinakaribia kulala chini kabisa. Atasema pikapu ni nzito, imeziba, haina uhai. Atairudisha dukani. Atakayeinunua baada yake ataifunga kwenye Les Paul lenye 500 na kuisifu mbele za watu. Nimesikia lawama za namna hii mara nyingi kiasi kwamba mtu akiniambia pikapu fulani ni mbaya, swali langu la kwanza huwa ni potensiometa.

Kifuniko nacho. Kwenye ES-335 pikapu za PAF zilitoka kiwandani zikiwa na vifuniko vya metali. Kwenye Frankenstein koili ziko wazi. Kifuniko huruhusu mikondo midogo ya umeme kuzunguka ndani yake na kupunguza kilele kidogo, kwa hiyo kukiondoa kunasukuma sauti upande ule ule ambao kuondoa toni kulisukuma. Ni kidogo, lakini kinaongezeka juu ya kingine.

Sasa mahali. Kila mpigaji anajua pikapu ya shingoni ni laini na ya darajani ni kali, lakini si wote wanaojua jinsi ilivyothibitishwa kwa usafi. Stratocaster lilipotoka mwaka 1954 lilikuwa na pikapu 3 za aina moja, zilizosukwa kwa namna moja, kwenye mbao moja na nyuzi zile zile. Bado zikilia moja moja, hata asiyepiga gitaa anasikia sauti tatu. Sababu ni kwamba uzi hautetemi sawasawa urefu wake wote. Juu ya noti yenyewe kuna harmoniki, yaani zile sauti ndogo za juu zinazoambatana nayo, na kila harmoniki ina vituo vyake ambapo uzi umetulia tuli. Pikapu ikikaa chini ya kituo hicho, harmoniki hiyo haipo kwake.

Hapa kisa chetu kina jambo ambalo sijaona likizungumzwa sana. Uzi wa ES-335, kutoka kokwa la shingoni, pale nyuzi zinapoegemea mwisho wa shingo, hadi darajani, una urefu wa milimita 628. Wa Stratocaster ni 648. Watu hupenda kusema urefu huo ndio uliolipa Frankenstein ukali wake, kwa sababu uzi mrefu unataka mvutano mkubwa zaidi ili ufike kwenye noti ile ile. Kweli, kwa nyuzi za unene uleule mvutano unaongezeka kwa asilimia 6 na nusu hivi. Lakini Van Halen walikuwa wakishusha magitaa yao kwa nusu toni (hapa ni hatua ya noti, si kitufe). Nusu toni inapunguza mvutano kwa asilimia 11. Ukijumlisha na kutoa, gitaa refu lililoshushwa linakuwa na nyuzi legevu kwa asilimia 5 kuliko ES-335 fupi lililowekwa kwenye noti zake za kawaida. Hoja ya mvutano inageuka juu chini.

Tuendelee na hesabu hiyo hadi kwenye harmoniki. Pikapu ikiwa milimita 40 kutoka darajani, kwenye uzi mnene wa ES-335 pengo la kwanza, yaani mahali pa kwanza ambapo harmoniki haisikiki kwake, linatokea karibu hezi 1,290. Kwenye uzi wa milimita 648 ulioshushwa nusu toni, kwa umbali ule ule wa milimita 40, linatokea karibu 1,260. Hakuna sikio litakaloipa tofauti hiyo jina. Lakini isogeze pikapu milimita 5 tu kuelekea shingoni, na pengo linashuka hadi 1,120. Milimita 5 hazifiki hata unene wa penseli. Mtu anayechimba kwa patasi jikoni kwake anaweza kuzikosa au kuzipata bila kujua, na zinazidi kwa mbali tofauti nzima kati ya shingo ya Gibson na ya Fender.

Halafu aliiinamisha. Kwenye picha za Frankenstein pikapu imekaa mshazari, upande wa nyuzi nyembamba ukiwa karibu zaidi na daraja. Sababu ya kwanza ilikuwa ya vipimo. Vichwa vya skrubu vya pikapu ya Gibson, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, vinachukua milimita 50 hivi, wakati nyuzi kwenye tremolo ya zamani ya Fender zimetawanyika hadi milimita 56. Ukifunga pikapu hiyo bila kuiinamisha, nyuzi mbili za pembeni zinapita nje ya sumaku zao. Nilipoliangalia jambo hili mara ya kwanza lilinikanganya, kwa sababu kitu cha urefu ule ule kikiinamishwa kinakuwa chembamba zaidi kwa mtazamo wa nyuzi. Kingepaswa kuzidisha tatizo. Lakini hambaka ina safu mbili. Ikizungushwa, safu moja inasogea upande wa nyuzi nyembamba na ya pili upande wa nyuzi nene, kila uzi wa pembeni ukipata angalau koili moja inayoutazama vizuri. Kwa mshazari wa digrii 15, kila safu inasogea zaidi ya milimita 2 kuelekea upande wake, na hata baada ya kutoa kile kinachopotea kwa kuinama bado kuna faida ya milimita 1 na nusu hivi. Haitoshi kuziba pengo lote, lakini inasaidia.

Athari ya pili ya mshazari ni ya sauti. Nyuzi nyembamba zinasomwa karibu zaidi na daraja, kwa hiyo ni kali zaidi. Nene zinasomwa mbali kidogo, kwa hiyo zinapata mwili. ES-335 halikuwa na jambo hilo: pale pikapu ilikaa sambamba na daraja. Hivyo, hata bila kugusa waya wala mbao, mizani kati ya nyuzi nene na nyembamba ilikuwa imebadilika.

Mpaka hapa sijataja mbao, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Pikapu haisikii mbao. Inasikia uzi wa chuma unaosogea juu ya sumaku. Mbao ikitaka kusikika lazima ipitie mlango mmoja kati ya miwili: ibadilishe jinsi uzi unavyotetema, au iitikise pikapu yenyewe.

Mlango wa pili ndio wenye hadithi, na ni sehemu ya kisa hiki inayopitwa haraka. Pikapu za PAF hazikuzamishwa kwenye nta kiwandani. Mizunguko ya waya haikushikana sawasawa, na kifuniko kilikuwa na nafasi ya kutetema. Pikapu ya namna hiyo inafanya kazi kama maikrofoni dhaifu: igonge kwa kidole, utasikia mlio wa pigo hilo kwenye spika. Ndani ya ES-335, ambalo mabawa yake mawili ni matupu na katikati tu ndipo palipo na gogo la mepo, mwili wote unatikisika sauti ikiwa kubwa, na pikapu iliyoning'inizwa kwenye fremu ya plastiki kwa springi inatikisika nayo. Hapo mwili wa gitaa unaingia ndani ya ishara kweli kweli. Wapenzi wa magitaa ya zamani wanaposema kwamba PAF "ina hewa", nadhani mara nyingi hii ndiyo hewa wanayoisikia.

Kwa sauti ya kadiri, hewa hiyo ni tamu. Mbele ya amplifaya ya Marshall ya wati 100 iliyofunguliwa hadi mwisho, inageuka mluzi unaotoboa masikio na usiozimika. Eddie akayeyusha nta ya parafini na kuizamisha pikapu humo hadi nta ikaingia kati ya mizunguko na kuishikisha. Ni kazi ya hatari: joto likizidi, plastiki ya koili inayeyuka, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliharibu pikapu kadhaa kwa njia hiyo. Lakini tazama alichokifanya kwa mtazamo wa uchambuzi wetu. Aliifunga ile njia ambayo mwili wa gitaa ulikuwa ukiitumia kuingia moja kwa moja kwenye pikapu. Akaikaza kwenye mbao ili isining'inie. Akaiweka kwenye mwili usio na matundu ya sauti. Pikapu iliyotoka kwenye sufuria ile, kwa mambo ya mtetemo, haikuwa tena kifaa kile kile kilichotoka kwenye ES-335, ingawa waya na sumaku zilikuwa zile zile. Kwa hiyo niliposema mwanzoni kwamba pikapu ilikuwa ile ile, hilo lina mpaka wake, na mpaka ni nta.

Unabaki mlango wa kwanza: uzi wenyewe. Uzi ukipigwa una nishati kidogo, na nishati hiyo inatoka kupitia ncha zake mbili, daraja na freti iliyobanwa, yaani kile kipande cha chuma shingoni ambacho kidole hukandamizia uzi. Ncha ikikaa imara, nishati inabaki kwenye uzi na noti inadumu. Ncha ikikubali kusogea, noti inakufa mapema, na baadhi ya harmoniki zinakufa kabla ya nyingine. ES-335 lina daraja lililosimama kwenye nguzo mbili na mkia wa chuma uliokazwa kwenye gogo la katikati, na shingo ya mahogani iliyogundishwa. Frankenstein lilikuwa na shingo ya mepo iliyokazwa kwa skrubu nne, na tremolo ya Fender inayoegemea ukingo mwembamba wa chuma huku springi zikiivuta nyuma. Vuta uzi mmoja, mingine inalegea kidogo, kwa sababu daraja lote limesogea. Springi nazo zinalia zenyewe mgongoni mwa gitaa. Ni vifaa viwili tofauti kabisa vya kushika uzi, na tofauti hiyo inasikika hasa mwanzoni mwa noti na mwishoni mwake.

Shingo inastahili neno. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Ujerumani, Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker, walichapisha vipimo vya mitetemo ya magitaa ya umeme, na moja ya mambo waliyoyaonyesha ni kwamba zile noti zinazokufa ghafla, ambazo kila mwenye gitaa anazijua na kuzikwepa, zinapatana na masafa ambayo shingo inatetema kwa urahisi mahali pale pale unapobana. Shingo inaunyonya uzi. Hakuna pikapu itakayorudisha nishati iliyokwishaondoka, hata ungeifunga ya bei gani.

Basi, mbao ya mwili. Mwili wa Frankenstein ni wa ashi. Wa ES-335 ni wa mepo ya matabaka. Baada ya nta kuufunga mlango mmoja, na baada ya tremolo na springi kukaa kati ya nyuzi na mbao kwenye mlango wa pili, sioni ashi ilibakiwa na nafasi kubwa. Sisemi mbao haina athari kwenye gitaa lolote. Kwenye ES-335 ilikuwa nayo, na nimeonyesha ni kwa njia gani. Ila katika gitaa hili, nikipanga sababu kwa uzito, ningeanza na nyaya, nifuate mahali na mshazari, kisha daraja na shingo, kisha nta, na aina ya mti ningeiweka mwisho. Mabishano ninayoyasikia huanzia mwisho huo na hayafiki mbali.

Kuna kipimo kingine ambacho albamu ile yenyewe inatupa bila kukusudia. Frankenstein halikupiga peke yake. Kwenye nyimbo zisizohitaji tremolo Eddie alitumia pia Ibanez Destroyer, gitaa la umbo jingine, mbao nyingine, daraja jingine lisilosogea na pikapu nyingine, kupitia vifaa vile vile vya Marshall. Watu wamesikiliza rekodi hiyo kwa zaidi ya miaka 45, na wengi wao wanazungumza juu ya sauti moja. Amplifaya iliyosukumwa hadi sauti yake kuvunjika inabana kilele cha kila noti na kuongeza harmoniki zake yenyewe, kwa hiyo tofauti za mwanzo na mwisho wa noti, zile za daraja na shingo, zinapungua. Tofauti za masafa zinazoingia kabla ya mvunjiko, kama zile desibeli 3, hazifunikwi kwa urahisi hivyo, kwa sababu ndizo zinazoamua ni kitu gani kinavunjika kwanza.

Jambo hilo ndilo linalofanya kisa hiki kisihamishwe kwetu kizima kizima. Solo la muziki wa dansi, au gitaa la rumba, hupigwa kwa sauti safi, noti moja moja, zikiwa zimesimama mbali mbali. Hakuna mvunjiko wa kuficha kitu. Pikapu iliyotiwa nta, isiyo na toni, kwenye gitaa lenye daraja la springi, ambayo ilikuwa dawa mbele ya Marshall, inaweza kulia kavu na ya ukali usio na adabu kwenye sebene. Kwa mpigaji wa namna hiyo toni aliyoitupa Eddie ni kifaa cha kazi, na PAF isiyo na nta ndani ya mwili wenye matundu huenda ikamfaa kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa hapa. Kama tayari ana pikapu asiyoipenda, kabla hajanunua nyingine kuna mambo yasiyo na gharama kubwa: asome namba iliyo mgongoni mwa potensiometa, ajaribu kebo fupi, na aishushe au kuipandisha pikapu kwa skrubu zake huku akisikiliza. Kebo ya mita 10 peke yake inashusha kile kilele cha hezi 3,000 hadi karibu 2,300, na watu wamewahi kubadilisha gitaa kwa sababu ya kebo.

Frankenstein liliigwa sana. Mwaka 2007 Fender walitoa nakala 300 kwa dola 25,000 kila moja, lakini kabla ya hapo vijana wengi walikuwa wameshajitengenezea la kwao kwa kutazama picha. Walichokiona kwenye picha za baadaye ni pikapu ya pili karibu na shingo na swichi ya kuchagulia katikati ya mwili. Zote mbili hazikuunganishwa na kitu. Kitufe kimoja kilichobaki, ambacho kilikuwa cha sauti, kilikuwa na maandishi yanayosema kwamba ni cha toni. Huenda waliokuwa makini zaidi kunakili picha ndio waliochomelea potensiometa ya toni mahali ambapo mwenye gitaa alikuwa ameiondoa.